Utando wa Plastiki Juu ya Picha Zilizochapwa: Uwe wa Mng'ao au Usio na Mng'ao?

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na zahanati moja ya mkoa wa Pwani niitengenezee bango la ukutani. Lilikuwa bango la kuwaonyesha wazazi namna ya kutayarisha nyumbani maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha, endapo pakiti za dawa zimekwisha: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Nilivichora vijiko vyote kwa ukubwa mmoja, na kile cha chumvi nikakijaza rangi ya buluu nusu yake tu. Kisha nikalipeleka bango kwenye duka la steshenari ili lilaminetiwe. Kijana wa dukani aliniuliza, "Mwalimu, unataka glosi au mati?" Nikasema glosi, kwa kuwa rangi zilionekana kukolea zaidi na bango zima lilipendeza macho.

Mwezi uliofuata nilipita tena pale zahanati, nikaketi kwenye benchi pamoja na akina mama waliokuwa wakingoja. Bango lilikuwa limetundikwa ukutani mkabala na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwomba mama aliyekaa kando yangu anisomee vipimo. Alisoma maji, akasoma sukari, na alipofika kwenye chumvi akasema, "Kijiko kimoja." Nilitazama kutoka pale nilipokaa, nikaona waa jeupe la nuru limekifunika kijiko chote, ukabaki mzingo wake tu. Niliposimama na kusogea hatua mbili upande wa kushoto, ile rangi ya buluu ikaonekana mara moja. Chumvi ikizidi katika maji hayo humdhuru mtoto mchanga, na yaweza hata kumletea degedege. Muuguzi mkuu, mama mtu mzima, aliniambia kwa upole, "Bango lako, mwalimu, husomeka vizuri baada ya saa kumi, jua likishahamia nyuma ya jengo."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kosa lile lilikuwa la fizikia. Katika makala haya nitajaribu kueleza utando wa plastiki unaifanyia nini nuru, na pia yapi utando huo hauwezi kuyafanya hata ukiwa wa bei kubwa. Swali la glosi au mati huchukuliwa aghalabu kuwa swali la urembo. Kwa hakika ni swali la mahali inapotoka nuru na mahali alipo msomaji.

Nuru inapofika juu ya plastiki

Mwali wa nuru unapotoka hewani na kugonga plastiki, sehemu kubwa huingia ndani, hufika kwenye wino na karatasi, na hurudi machoni ikiwa imebeba habari za picha. Sehemu ndogo haiingii kabisa. Hurudishwa palepale juu ya uso. Sehemu hii ya pili haijui lolote kuhusu picha. Inabeba sura ya kitu kingine, yaani ya dirisha, ya taa, au ya mlango ulio wazi.

Ukubwa wa sehemu hiyo waweza kukokotolewa kwa kanuni za Mfaransa Augustin Fresnel (1788–1827). Kwa plastiki za kawaida, ambazo kipimo chake cha kupinda nuru ni karibu 1.5, mwali unaoshuka wima juu ya uso hurudishwa kwa kiasi cha asilimia 4. Mwali ukija kwa ulalo wa nyuzi 60 kutoka wima, asilimia 9 hivi hurudishwa. Ukija kwa nyuzi 80, yaani karibu kuambaa na uso wenyewe, asilimia hupanda hadi 39. Ndiyo maana mtu aliye mwishoni mwa benchi, anayelitazama bango kwa upande, husumbuliwa na mng'ao kuliko aliye mbele yake.

Asilimia 4 yaonekana kuwa kiasi kidogo, na mara nyingi ni kidogo kweli. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme karatasi nyeupe ya bango inarudisha machoni nuru ya vipimo 80, na wino mweusi vipimo 2. Tofauti ya nyeupe na nyeusi basi ni mara 40, nayo ni tofauti nzuri sana ya kusomea. Sasa tuseme uwanja ulio nje ya mlango, ukipigwa na jua la asubuhi, unang'aa mara 50 kuliko karatasi ile iliyo kivulini ndani ya chumba, yaani vipimo 4,000. Hili si jambo la ajabu katika nchi zetu. Mara nyingi tofauti ni kubwa zaidi. Asilimia 4 ya 4,000 ni 160. Vipimo hivyo 160 vinaongezwa juu ya kila kitu: nyeupe huwa 240 na nyeusi huwa 162. Tofauti iliyokuwa mara 40 imekuwa mara moja na nusu tu. Hapo ndipo kijiko changu cha chumvi kilipopotelea.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza, niliishi chini ya mbingu ya mawingu ambayo humwaga nuru hafifu kutoka pande zote. Chumba na uwanja havikutofautiana sana kwa mwanga. Sina hakika kwamba mtu aliyejifunza kuchagua utando chini ya mbingu ile amekwisha jifunza kuuchagua Kibaha.

Uso laini na uso wenye vijibonde

Utando wa glosi una uso laini. Nuru inayorudishwa juu yake hufuata sheria ya kioo: pembe ya kurudi ni sawa na pembe ya kufika. Kwa hiyo mng'ao wote huelekea upande mmoja. Aliye katika upande huo haoni kitu. Asiye katika upande huo haoni mng'ao wowote, na picha humjia safi, nyeusi ikiwa nyeusi hasa.

Utando wa mati umetengenezwa kwa plastiki ileile, ila uso wake umetiwa vijibonde na vijilima vidogo mno. Vijibonde hivyo hupatikana kwa kuupitisha utando kwenye rola yenye uso wa chenga, au kwa kuupaka dawa iliyochanganywa na vumbi laini la silika. Kila kijilima kinairudisha nuru upande wake. Hapa nataka msomaji aangalie jambo ambalo wauzaji hulieleza kinyume: mati haipunguzi nuru inayorudishwa juu ya uso. Ile asilimia 4 bado ipo, ila imetawanywa pande zote. Tukirejea hesabu yetu, pale ambapo glosi ingetupa nyeupe ya 80 na nyeusi ya 2, mati itatupa kama 84 na 6, yaani tofauti ya mara 14. Hapo ndipo wapiga picha wanapolalamika kwamba mati "inaua rangi". Wana haki. Lakini mara 14 hizo anazipata kila mtu aliye chumbani, ilhali mara 40 za glosi wanazipata waliobahatika kukaa mahali pazuri, na wengine wanapata mara moja na nusu.

Vijibonde viwe na kina gani? Mwanafizikia wa Kiingereza, Lord Rayleigh (1842–1919), alituachia kipimo chepesi: uso huanza kuonekana wenye chenga kwa nuru pale kina cha vijibonde kinapozidi urefu wa wimbi la nuru uliogawanywa kwa 8. Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 550, basi kina cha nanomita 70 hivi chatosha, kwa mwali unaofika wima. Kwa mwali unaofika kwa ulalo wa nyuzi 80 kina hicho chapaswa kuwa karibu nanomita 400. Maana yake ni kwamba uso uleule waweza kuwa mati kwa anayeutazama kwa mbele, na ukawa kama kioo kwa anayeutazama kwa ubavu. Chukua daftari lenye jalada lisilong'aa, liinue hadi usawa wa jicho, ulitazame kwa kuambaa kuelekea dirishani. Utaona linang'aa.

Viwandani mng'ao hupimwa kwa chombo kinachotupa mwali juu ya uso na kupima kiasi kinachorudi kwa sheria ya kioo. Kioo cheusi kilichosuguliwa vizuri hupewa alama 100. Pembe ya kawaida ya kupimia ni nyuzi 60. Kwa nyuso zing'aazo sana hutumika nyuzi 20, na kwa zile za mati nyuzi 85, kwa sababu ile niliyoitaja hivi punde. Kati ya glosi na mati pana daraja la kati, ambalo mafundi huliita satini au nusu-glosi. Nitalirudia.

Jaribio la msasa na maji

Msomaji asiniamini bure. Achukue kipande cha plastiki angavu, kwa mfano jalada la juu la faili, akisugue nusu yake kwa msasa laini hadi kipoteze mng'ao. Akilaze juu ya gazeti. Mahali palipogusana na gazeti, maandishi husomeka hata chini ya sehemu iliyosuguliwa. Sasa akiinue kwa sentimita 2 au 3. Chini ya sehemu laini maandishi yatabaki yalivyo. Chini ya sehemu iliyosuguliwa yatafifia kama yaliyoingiwa na ukungu. Hivyo utando wa mati hauna budi kushikana kabisa na wino. Ukiacha nafasi ya hewa, umeharibu maandishi madogo. Ndiyo sababu kioo cha mati kilichowekwa mbali na picha ndani ya fremu huifanya picha iwe na utusitusi.

Kisha adondoshee maji juu ya sehemu iliyosuguliwa. Mara itakuwa angavu tena na itang'aa, kwa sababu maji yamevijaza vijibonde na kuufanya uso kuwa laini. Jaribio hili dogo laonyesha kwamba umati ni umbo la uso tu, wala si dawa iliyomo ndani ya plastiki. Laonyesha pia kwa nini alama ya barabarani ya mati hung'aa wakati wa mvua, na kwa nini bango la mati linalofutwafutwa kwa kitambaa kikavu hupata mabaka yang'aayo: vilele vya vijilima vimesagika.

Jua halichagui glosi wala mati

Wengi huamini kwamba utando wa glosi "unazuia jua" kwa kuwa unalirudisha. Tumekwisha ona kwamba unarudisha asilimia 4 kwa mwali wa wima, sawa na mati. Kinachozuia jua ni kitu kingine kabisa, nacho hakionekani kwa macho.

Kila mmoja wetu amekwisha kuona bango la dukani lililogeuka kuwa la kibuluubuluu. Picha ya rangi huchapwa kwa wino wa aina nne: buluu-kijani, majenta, manjano na nyeusi. Katika wino nyingi, manjano na majenta ndizo zinazoshindwa kwanza na jua, na buluu hubaki ikiomboleza peke yake. Anayezivunja ni hasa miali ya urujuanimno. Nuru husafiri kwa vifurushi vidogo vya nishati, na kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo kifurushi kinavyokuwa kizito. Kifurushi cha nuru ya kijani kina elektronivolti 2.25 hivi. Kifurushi cha urujuanimno cha nanomita 350 kina elektronivolti 3.5, na kifungo cha kawaida kati ya atomi mbili za kaboni huvunjwa kwa nishati ya karibu 3.6. Si ajabu basi kwamba molekuli za rangi, ambazo zina vifungo dhaifu kuliko hicho, haziwezi kustahimili. Hapa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali.

Utando unaofaa kwa nje hutiwa dawa zinazoyameza mawimbi hayo na kuyageuza kuwa joto kidogo. Dawa hizo zaweza kutiwa katika glosi, satini au mati. Kwa hiyo mnunuzi aulize maswali mawili mbalimbali: uso ni wa aina gani, na je, plastiki ina dawa ya kumeza urujuanimno? Nayo ahadi ya muuzaji isikilizwe kwa makini, kwani nuru ya kawaida inayoonekana nayo hufifisha rangi, ingawa polepole, na hakuna utando angavu uwezao kuizuia. Ukiizuia, hutaiona picha. Vioo vya madirisha huzuia sehemu kali zaidi ya urujuanimno, lakini sehemu kubwa ya ile iliyo karibu na nuru ya kawaida hupenya. Bango lililo ndani lakini linalopigwa na jua la dirishani halijasalimika.

Kuhusu plastiki yenyewe nitasema kwa ufupi. Zile bahasha za kulamineti zinazouzwa katika maduka ya steshenari huwa na poliesta upande wa nje na gundi ya kuyeyuka kwa joto upande wa ndani. Ni ngumu na angavu, zafaa ndani ya nyumba, na nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya jua. Majalada ya vitabu hufunikwa kwa utando mwembamba wa polipropilini. Kwa kazi za nje hutumika zaidi vinili ya kubandika bila joto. Vinili iko ya namna mbili: iliyokandamizwa kati ya rola za moto, na iliyomwagwa ikiwa maji kisha ikakauka. Ile ya kwanza ilivutwa kwa nguvu ilipotengenezwa, na joto la jua huikumbusha umbo lake la awali; hivyo husinyaa pole pole na kuacha ukingo wa gundi unaokusanya vumbi. Ya pili haisinyai sana, na ndiyo inayobandikwa kwenye mabodi ya magari yenye mikunjo. Bei yake ni kubwa. Kwa bango la ukuta ulionyooka sioni haja ya kuilipia.

Unyevu wa pwani

Mabango mengi ninayoyaona yameharibika katika miji ya pwani hayakuuawa na jua, bali na maji yaliyoingilia ukingoni. Plastiki haipitishi maji, lakini karatasi huyanyonya kama utambi. Fundi anayependa unadhifu hukata plastiki sawasawa na ukingo wa karatasi, na hapo amefungua mlango kwa pande zote nne. Mwambie aache plastiki tupu ya milimita 5 kuzunguka karatasi yote, ili plastiki ya juu na ya chini zishikane zenyewe kwa zenyewe. Tena asitoboe tundu la kutundikia ndani ya karatasi. Tundu litobolewe kwenye ukingo huo wa plastiki, ambao upande wa juu uongezwe upana.

Karatasi iliyofunikwa upande mmoja tu hujikunja. Unyevu unapoingia karatasi hutanuka, na plastiki haitanuki, basi kitu chote hujiviringisha kuelekea upande wa plastiki. Dawa yake ni kufunika pande zote mbili. Na bango lililochapwa kwa wino wa vimumunyisho liachwe likauke walau saa 24 kabla ya kufunikwa. Mvuke ulionaswa chini ya utando huzuia gundi isishike, na baadaye hutokea madoadoa ya kifedha ambayo watu hudhani ni kasoro ya plastiki.

Namna ya kuchagua

Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: je, msomaji aweza kukigeuza kile anachokisoma? Kadi, kitambulisho, orodha ya vyakula, ramani ndogo ya mfukoni, vyote hivi vimo mkononi. Mng'ao ukija, mkono huvigeuza kidogo bila hata mwenyewe kufikiri. Glosi yavifaa, na faida yake ni kubwa: rangi nzito, uso unaofutika kwa kitambaa chenye maji, na vumbi lisilopata pa kujificha. Kitu kilichogongomewa ukutani hakigeuki. Iwapo msomaji naye hawezi kuhama, kama mgonjwa kitandani, mwanafunzi kwenye dawati lake, au mama aliyempakata mtoto kwenye foleni, basi glosi ni kosa, hata kama picha itapungua uzuri.

Yapo mambo yanayoingilia kipimo hicho. Jedwali linalojazwa kwa kalamu ya ubao na kufutwa kila siku lataka glosi, kwani katika mati wino huzama ndani ya vijibonde na kuacha kivuli cha takwimu za jana. Ramani inayochorwa kwa penseli yataka mati. Picha ya kubandikwa sakafuni yataka uso wenye chenga nene ili watu wasiteleze, na hapo habari ya rangi huja nyuma. Katika zahanati kuna jambo jingine: nyuso hufutwa kwa maji ya klorini, na mati yenye vijibonde virefu hushika uchafu. Hapo ndipo daraja la kati, satini, linapostahili kupewa nafasi. Hutawanya nuru kiasi cha kulivunja waa jeupe, na bado hufutika. Ukosefu wake ni kwamba kila kiwanda kina satini yake. Mnunuzi aombe kipande cha mfano, akiweke juu ya maandishi, na akisimamishe palepale ukutani ambapo bango litatundikwa, kwenye saa ileile ambayo watu wengi huwapo. Kukitazama chini ya taa ya dukani hakumfundishi kitu.

Kabla sijaleta bango la pili, yule muuguzi alikwisha pata dawa yake mwenyewe. Alichukua vipande viwili vya mbao, akavichomeka nyuma ya bango kwenye kona za juu, likainama mbele kidogo. Uso ukiinama kwa nyuzi 10, mwali unaorudishwa huinama kwa nyuzi 20. Hivyo aliyeketi kwenye benchi na kutazama juu hakuuona tena mlango ndani ya bango, bali aliiona sakafu ya saruji, ambayo ni ya kijivu na haina nuru ya kumsumbua. Bango la pili nililifunika kwa satini, ukingo wa milimita 5, na kijiko cha chumvi nikakisogeza chini karibu na usawa wa macho, huku neno "NUSU" likiandikwa kwa herufi kubwa kando yake. Nilipolitundika nilitaka kuviondoa vile vipande vya mbao. Muuguzi alikataa. Niliketi benchini nikalitazama bango bila mbao, kisha pamoja na mbao, nikavirudisha mwenyewe.